Nchi kame na mwaka wa ukame: maneno mawili ya Kiingereza tuliyoyapa jina moja

Mbukwenyi, ndiyo salamu ya kwetu Ugogo, hapa Dodoma.

Kazi yangu ni hali ya hewa ya kilimo. Nachukua takwimu za mvua na kuzigeuza maneno ambayo mkulima anaweza kuyatumia kuamua apande nini na lini. Miaka kadhaa iliyopita, wiki chache kabla ya msimu, nilikuwa kwenye mkutano wa kijiji wilayani Chamwino na utabiri wangu mkononi. Nikasema, kama nilivyokwisha kusema katika vijiji vingine vitatu wiki ile, kwamba kuna dalili za ukame. Bibi mmoja aliyekaa kwenye kivuli cha mbuyu akanyoosha mkono.

"Mwanangu, huo ukame unaokuja ni upi? Huu tuliozaliwa nao, au kuna mwingine?"

Nilibabaika. Nilijibu kitu kuhusu mabadiliko ya tabianchi, na sikuwa nimemjibu. Njiani kurudi mjini nilifungua ripoti ya Kiingereza niliyoitafsiri kwa ajili ya ziara ile, nikaona kosa lilikuwa la kwangu. Ripoti ilikuwa na maneno mawili, "aridity" na "drought". Mimi yote mawili nilikuwa nimeyaandika "ukame". Bibi yule, ambaye hakuwa ameiona ripoti hiyo, aliyatenganisha kwa sentensi moja.

"Arid" ni sifa ya mahali. Ni kama kusema mtu ni mrefu au mfupi: ndivyo alivyo, leo na mwakani. Dodoma hupata mvua ya karibu milimita 570 kwa mwaka, na karibu yote hunyesha kati ya Desemba na mwanzo wa Aprili. Pepo zinazotoka Bahari ya Hindi huacha sehemu kubwa ya unyevu wake kwenye milima ya mashariki, Uluguru, Ukaguru na Rubeho, kabla ya kufika huku kwetu. Sasa, wataalamu hawaangalii mvua peke yake. Wanaigawanya mvua ya mwaka kwa kiasi cha maji ambacho jua na upepo vingeweza kukifanya mvuke kama maji yangekuwepo ardhini muda wote. Jibu likiangukia kati ya 0.2 na 0.5, mahali hapo panaitwa "semi-arid", nusu kame. Chini ya 0.2 ni kame kabisa, na chini ya 0.05 ni jangwa lenyewe. Sisi tumo kwenye lile kundi la nusu kame, yaani jua na upepo wa Dodoma vina kiu inayozidi mara mbili ya maji ambayo mawingu yanatuletea. Hakuna kilichoharibika hapo. Nchi yetu ndivyo ilivyo, na mibuyu imelijua hilo kwa karne nyingi.

"Drought" ni tukio. Lina mwanzo, lina mwisho, na lina jina la mwaka. Kuligundua, huilinganishi Dodoma na Morogoro wala na Bukoba. Unailinganisha Dodoma na Dodoma yenyewe ya miaka mingine. Kipimo kinachotumiwa sana duniani, kilichobuniwa Marekani mwaka 1993, hufanya hivyo hasa. Kinachukua kumbukumbu za mvua za mahali kwa miaka mingi, ikiwezekana 30 au zaidi, kisha kinauliza: mvua ya msimu huu imeteleza umbali gani kutoka ile iliyozoeleka hapa hapa? Sifuri ni mvua iliyozoeleka. Kipimo kikishuka hadi hasi moja, ukame umeanza kuonekana. Hasi mbili, ni ukame wa kutisha.

Ndiyo maana Bukoba, inayopata karibu milimita 2,000 kwa mwaka, inaweza kuwa na ukame mwaka ambao imepata mvua maradufu ya Dodoma. Migomba ya kule ilipandwa kwa kuitegemea mvua ya kule. Hata Uingereza, nchi ambayo sisi huiwazia kama ya manyunyu tu, mwaka 1976 ilipigwa na ukame mkali kiasi kwamba mwezi Agosti bunge lake lilipitisha sheria maalumu na waziri mmoja akakabidhiwa jukumu la kushughulikia uhaba wa maji. Hakuna Mwingereza aliyesema nchi yake ni kame. Upande wa pili kuna Aswan, kusini mwa Misri, ambako mvua ni kama haipo. Mkulima wa kule haiti mwaka usio na mvua kuwa ni mwaka wa ukame, kwa sababu mvua hakuitarajia tangu mwanzo. Anachokiogopa yeye ni Mto Nile kupungua.

Wanafunzi wanaokuja kwangu kwa mafunzo ya vitendo nawapa jaribio dogo. Weka "mwaka huu" kwenye sentensi yako. "Mwaka huu kuna drought" ni sentensi nzima. "Mwaka huu Dodoma ni arid" inalegea, kama kusema mwaka huu Kilimanjaro ni mlima.

Kwa haki, hata Kiingereza chenyewe hakikuanza na mstari ulionyooka. "Arid" limetoka kwenye neno la Kilatini lenye maana ya kukauka. "Drought" ni la Kiingereza cha kale, ndugu wa damu wa "dry", na zamani lilitumika kwa ukavu wowote, hata kwa kiu ya mtu. Maneno haya mawili, ingawa hayana asili moja, yalianza yakiwa na maana ileile ya ukavu, kisha matumizi yakayapa kazi tofauti. Kwa hiyo sikubaliani na wanaosema Kiswahili kimepungukiwa. Kiswahili kinaweza kufanya kilekile, maana malighafi tunazo: ukavu, ukame, kiangazi, nchi kame, nusu kame. Tatizo ni sisi watafsiri tunaonyakua neno la kwanza linalotujia.

Kuna atakayeuliza, neno tu lina madhara gani? Nitasema nililoliona. Mradi mmoja niliowahi kuushauri ulikuwa na lengo la kusaidia wakulima kuishi na "aridity". Kwa Kiswahili lengo likaandikwa "kukabiliana na ukame". Ukaja msimu wa mvua nyingi, makorongo yakafurika, na kamati ikakaa ikaandika kwenye muhtasari kwamba ukame umekwisha. Mbegu za mtama na uwele zikaondolewa kwenye bajeti ya mwaka uliofuata, zikawekwa za mahindi. Na ilikuwa kweli: ukame ulikuwa umekwisha. Ila nchi ilikuwa bado nusu kame kama jana na juzi. Msimu uliofuata mvua zilikuwa za kawaida kabisa, za wastani wa Dodoma, na mahindi yale yakakauka shambani. Watu wakasema ukame umerudi. Haukuwa umerudi. Hiyo ndiyo ilikuwa mvua yetu ya kila siku.

Jambo hilihili lilishatokea hapa kwa ukubwa wa kutisha. Kongwa, mashariki ya mkoa wetu, ndiko Waingereza walikoanzia Mpango wa Karanga mwaka 1947, wakiwa na ndoto ya kulima zaidi ya ekari milioni tatu katika Tanganyika na nchi jirani ili kupata mafuta ya kula baada ya vita. Mvua haikunyesha kwa kiasi walichokitegemea, hilo ni kweli. Lakini udongo wa Kongwa ukikauka hushika kama saruji, karanga zikabaki ardhini hazivuniki, na huo haukuwa mkosi wa mwaka mmoja. Ni tabia ya mahali. Mpango uliachwa mwaka 1951, na mamilioni ya pauni yakapotea. Nikipita Kongwa huwa nawaza jinsi kila mfugaji wa Kigogo wa wakati ule alivyokuwa na jibu ambalo mpango mzima ulilihitaji.

Zabibu ndizo zinazonipa mfano mzuri kuliko yote, na ndizo ninazozipenda kufundishia. Mzabibu wa Dodoma unafurahia ukavu wa nchi hii. Hewa isiyo na unyevu mwingi hupunguza ukungu unaoozesha majani na vichala, na jua kali hujaza sukari kwenye tunda. Kwa mkulima wa Mpunguzi au Hombolo, nchi kuwa nusu kame ni mtaji. Mwaka wa ukame ukija, kisima kikashuka na mzabibu ukakosa maji, anapata hasara. Mtu huyohuyo, shamba lilelile: kimoja ni rafiki yake na kingine ni adui yake. Ukiviita vyote ukame, utamshauri nini?

Kuna neno la tatu ambalo limejibanza katikati ya haya mawili, na kwa maoni yangu ndilo linaloua mazao mengi zaidi huku kwetu. Kiingereza hukiita "dry spell": siku kumi, kumi na tano, wakati mwingine ishirini na zaidi bila mvua katikati ya msimu. Dodoma tunakijua kiangazi hiki kifupi, hupenda kuja kati ya mwisho wa Januari na Februari. Sasa fikiria mashamba mawili, yote yamepimwa milimita 560 kwa msimu mzima. La kwanza limenyeshewa kidogokidogo kila wiki. La pili limepigwa na mvua kubwa Desemba, likakauka siku ishirini na tano mfululizo mahindi yakiwa yanatoa mbelewele, kisha mvua ikarudi Machi kwa kishindo. Kwenye daftari la mwaka hakuna ukame wowote. Jumla iko palepale kwenye wastani. Shambani kwa yule wa pili hakuna gunia. Mahindi yakikosa maji wakati wa kuchanua hayasamehe. Mtama hukunja majani, hutulia, na mvua ikirudi huendelea. Ndiyo sababu wazee wa Ugogo walishikilia mtama na uwele, na ndiyo sababu naumia nikisikia mazao hayo yakiitwa chakula cha shida.

Dawa za mambo haya matatu nazo ni tofauti. Kwa ukavu wa kudumu unachagua zao na unaitunza ardhi: makinga maji, matuta yaliyofungwa, kuacha visiki hai vichipue, na kuachana na kuberega, yaani kukwangua shamba juu juu tu, maana ardhi iliyokwanguliwa hivyo haipokei maji. Hayo hufanywa kila mwaka, hata mvua ikiwa nzuri. Kwa kiangazi cha Februari unacheza na tarehe ya kupanda na mbegu inayokomaa mapema. Kwa mwaka wa ukame wenyewe unahitaji ghala, akiba, soko la kuuzia mifugo kabla haijakonda, na serikali inayosikia mapema. Bila hayo ukame huzaa njaa, ingawa njaa nayo ni jambo jingine na huwa na mikono ya watu ndani yake. Mtunya, ile njaa kuu ya Ugogo ya mwisho wa Vita vya Kwanza vya Dunia, ilikuja baada ya majeshi, ya Wajerumani kisha ya Waingereza, kuchukua ng'ombe, nafaka na vijana wa kubeba mizigo. Mvua ilipokosekana, nyumba zilikuwa tupu tayari.

Maji ya ardhini yana hesabu yake. Mji wa Dodoma umeishi miaka mingi kwa visima vya bonde la Makutupora, eneo la Mzakwe, na visima vile vimepimwa kwa muda mrefu kuliko karibu popote katika nchi za joto. Kumbukumbu za miaka 55 zilionyesha kwamba maji ya chini hayajazwi na kila msimu. Hujazwa na ile misimu michache ya mvua kubwa mno, na mruko mkubwa kuliko yote ulitokea mwaka 1997/98, wakati wa El Niño. Misimu ya kawaida huongeza kidogo sana au haiongezi kitu. Kwa hiyo inawezekana juu kukawa na mvua ya wastani, mashamba yamestawi, na chini kisima kikiendelea kushuka, kwa sababu mvua ya wastani katika nchi nusu kame huishia kwenye mizizi na hewani.

Baada ya miaka ya kujikwaa nimejiwekea utaratibu wa maneno. "Ukame" nimeuacha ubaki wa "drought", kwa kuwa ndivyo watu wengi na taarifa za hali ya hewa wanavyolitumia. Kwa "aridity" naandika "ukavu wa asili", na mahali penyewe napaita nchi kame au nusu kame. "Dry spell" naiita kiangazi cha katikati ya msimu. Taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa hutumia "vipindi vya ukavu", nayo inaeleweka, ila mbele ya wakulima neno kiangazi hufika haraka zaidi. Naomba watafsiri wenzangu wa hapa Dodoma, ambako nyaraka za wizara na miradi zinaandikwa kila siku, tusikubali tena kichwa cha habari kinachosema "Dodoma yakumbwa na ukame wa kudumu". Ukame wa kudumu haupo. Kikishadumu kinakuwa kitu kingine.

Msimu uliofuata nilirudi kijijini kwa bibi yule. Safari hii nilisema: "Ukavu wetu ni uleule mnaoujua. Juu ya huo, mvua inatarajiwa kuwa ya wastani hadi chini ya wastani, na tujiandae na kiangazi kirefu mwezi wa pili."

"Siku ngapi?" akauliza.

Nikamweleza kwamba utabiri wa msimu hauhesabu siku, ila kuna utabiri wa siku kumi kumi ambao utakuwa na jibu la karibu zaidi wakati ukifika. Akamwita mjukuu wake, akamwambia anipe namba ya simu. Tangu hapo, Januari ikielekea kwisha, namtumia ujumbe kila siku kumi, naye hunijibu kwa kunipigia na kuniambia kama kwake imenyesha.