Kanvasi haiifanyi sura ya Renesansi iwe "orijino"

Mimi naprinti picha kwa wateja, na imetokea tena. Mteja kaleta faili la Ginevra de' Benci, sura ya mwanamke aliyochora Leonardo da Vinci, faili zuri kabisa, kubwa, kalidaunlodi kutoka jumba la makumbusho lenyewe ambako wanalitoa bure, halafu akamalizia na ile sentensi: "nitolee kwenye kanvasi basi, ili ikae kama orijino." Kanvasi, yaani kile kitambaa kinachovutwa kwenye fremu. Hili nimeshalijibu kwa simu, kwa meseji, kaunta nimesimama, sasa naliandika hapa ili nikiulizwa tena niwe natuma linki.

Ginevra hayupo kwenye kanvasi jamani. Yupo kwenye ubao wa mpopla, Leonardo alimchora kati ya 1474 na 1478 hivi, leo yuko National Gallery of Art kule Washington. Mona Lisa, ubao wa mpopla. Yule mwanamke aliyebeba kicheche mweupe, wa Leonardo pia, yuko Kraków, ubao wa mjozi. Dürer alipojichora mwenyewe mwaka 1500 akiangalia mbele moja kwa moja, ubao. Doge (mtawala wa Venice) Leonardo Loredan wa Giovanni Bellini, ubao. Mume na mke wa Arnolfini wa Jan van Eyck, 1434, ubao wa mwaloni. Hata wale Mabalozi wa Holbein wa 1533, picha ya zaidi ya mita 2 kila upande, nayo ni mbao za mwaloni zilizounganishwa. Yaani nusu ya sura ambazo watu wananiletea wanataka niziwekee nyuzi ambazo mchoraji mwenyewe hakuwahi kuwa nazo.

Na ubao huo haukuchorwa ukiwa mtupu. Unapakwa jeso, Italia walitumia plasta, kaskazini chaki, inachanganywa na gundi ya wanyama, tabaka juu ya tabaka, kisha inakwanguliwa na kusuguliwa mpaka ukipitisha kidole hukwami popote. Kazi yote hiyo ilikuwa na sababu moja: uso uwe laini ili rangi nyembamba ikae bila kusumbuliwa. Mwaka 2010 yalitangazwa matokeo ya vipimo vya miale ya eksi kwenye sura za Leonardo, na zile tabaka za kivuli usoni, zote kwa pamoja, unene wake ni kama mikromita 30 hadi 40. Unywele wa kichwani kwako ni mnene kuliko hapo! Ndiyo maana shavu la Mona Lisa linageuka kutoka mwanga kwenda giza na huoni mpaka uko wapi.

Sasa chukua shavu hilo uliweke kwenye kanvasi ya printa. Kanvasi ya printa ina vilima na mabonde ya nyuzi, yanajirudia sawasawa toka kona hii hadi ile, na taa ikipiga kutoka pembeni kila kilima kinatoa kivuli chake. Kwa mandhari kubwa, miti, mawingu, sawa, jicho linasamehe. Kwa sura ndogo ni balaa. Ginevra nzima ni sentimita 38 kwa 37, jicho lake ni sentimita chache tu, vinywele vyake vya kando ya uso ni vyembamba kuliko uzi wa kanvasi yenyewe, kwa hiyo unachokiona siyo kinywele tena ni kinywele kilichokatwakatwa na nyuzi. Nywele za Dürer ndio usiseme, mtu kachora unywele mmoja mmoja, manyoya ya kola yake moja moja, halafu sisi tunapitisha wavu juu yake na kuita "ubora wa galari". Na zile nyufa ndogondogo za rangi iliyozeeka, ambazo zenyewe ni sehemu ya sura ya picha ilivyo leo, zinagombana na nyuzi, huelewi tena upi ni ufa na upi ni uzi.

Najua atakayekuja kuniambia "mbona Titian?" Sawa. Venice walianza mapema kuchora kwenye kanvasi, na Titian na Tintoretto na Moroni wa kule Bergamo wana sura kibao kwenye kanvasi, yule fundi cherehani wa Moroni ni kanvasi. Lakini hata hapo hesabu haikubali. Kanvasi ya Titian ina nyuzi zake, pengine zimesukwa kwa mshazari, na juu yake kuna jeso na rangi ya mafuta, sehemu nyingine rangi imefunika nyuzi kabisa, sehemu nyingine imekwaruza tu juu ya vilima na bonde likabaki wazi. Kama faili limepigwa vizuri, nyuzi hizo ZIMO ndani ya picha tayari. Ukiprinti kwenye kanvasi unapata nyuzi mbili, za Titian na za kiwanda, na hazilingani. Kitu kinachonikera kuliko vyote ni ile jeli ya kupaka juu ya printi ili kutengeneza "alama za brashi". Alama za brashi ya nani? Aliyepaka jeli hakufuata mkono wa Bellini, kafuata mkono wake mwenyewe, kashuka juu-chini kwenye uso wa doge ambao umelainishwa makusudi hadi brashi isionekane. Ukiuziwa printi ya namna hiyo kwa bei ya juu zaidi, unalipia uharibifu.

Halafu kanvasi inakunjiwa pembeni kwenye fremu ya ndani. Sentimita 3 au 4 kila upande zinaliwa, labda uombe mapema ziongezwe kwa nje. Picha ya Loredan ina kiukuta chini mbele yake na kikaratasi chenye jina la Bellini. Kikunje, saini imeenda chini ya fremu.

Haya, karatasi. Kwa sura za ubao mimi naanza na karatasi ya pamba isiyong'aa, laini, wino wa pigmenti. Laini, nasema, maana kuna karatasi za pamba zenye vilima kama karatasi za kuchorea rangi za maji, ambazo zinarudisha tatizo lilelile la kanvasi. Na iwe ambayo haijatiwa kemikali ya kung'arisha weupe, ile inayofanya karatasi iwake kama shati jipya: inavuta ngozi ya mtu kwenye ubluu, na miaka ikienda kemikali inachoka, weupe unageuka, na sura inageuka nayo.

Hapa lakini nikiri kitu ambacho vitabu vya fani vinakipita haraka. Karatasi isiyong'aa haiwezi kutoa weusi mzito. Haiwezi, hata ufanye nini na profaili ya rangi ya printa. Na sura nyingi za kipindi hiki zimesimama mbele ya giza, mchoraji Antonello da Messina karibu kila mtu wake anatokea gizani, na giza hilo likiwa kijivu picha inakufa. Kwa hizo huwa nahamia karatasi ya barita, ile yenye tabaka la madini meupe kama karatasi za picha za zamani, yenye mng'ao wa wastani, weusi unazama vizuri, ila unapata mwako wa taa. Nikiweka nyuma ya kioo tofauti inapungua na ninajiuliza kama nilikuwa na haja ya kuhama. Bado sijatulia kwenye hili, kila Antonello nalianza upya.

Rangi ndio hunikosesha usingizi. Mteja anafungua Mona Lisa tatu kwenye simu, moja ya njano, moja ya kijani, moja karibu kijivu, ananiuliza ipi sahihi. Ya njano ina ukweli wake, vanishi iliyozeeka ndivyo ilivyo, ukisimama Louvre unaona hivyo. Lakini 2012 Prado, jumba la makumbusho la Madrid, walionyesha nakala yao ya Mona Lisa ya zamani, kwenye ubao wa mjozi, baada ya kuondoa rangi nyeusi iliyofunika mandhari na kusafisha, na mikono ya gauni ikatokea nyekundu, anga la buluu nyuma. Kwa hiyo wengine wananiambia basi safisha kwenye kompyuta. Sisafishi. Vanishi haikai kama kioo cha rangi moja juu ya picha, imezama tofauti sehemu tofauti, na rangi za chini zimebadilika zenyewe: kijani cha shaba kimekuwa kahawia, ule mti nyuma ya Ginevra tunaouona kama kichaka cha kahawia ulikuwa kijani. Ukitoa njano kwa kuvuta kitufe kimoja, ngozi inakuwa ya waridi na mti unabaki umekufa, unapata picha ambayo haikuwepo leo wala wakati wa Leonardo. Najua msimamo huu una udhaifu, maana hata faili la jumba la makumbusho ni uamuzi wa mtu fulani chini ya taa fulani, lakini angalau mtu huyo alikuwa na picha mbele yake.

Pikseli nitapita haraka. Kwa kuangalia karibu, pikseli 300 kwa inchi. Ginevra kwa ukubwa wake wa kweli ni kama inchi 15, yaani pikseli 4,500 hivi, na unazipata. Ile ya pikseli 1,200 uliyoitoa kwenye matokeo ya kutafuta picha ukitaka sentimita 60 inakupa kama 50 kwa inchi, haifai. Na usiipitishe kwenye programu ya kukuzia picha, zinabuni kope na vinyweleo vya ngozi, kwenye sura hilo halikubaliki kabisa.

Ukubwa: anza na ukubwa wa orijino kabla hujafikiria ukuta. Mona Lisa ni sentimita 77 kwa 53. Hizi picha zilichorwa mtu asimame hatua moja mbili, ukimkuza Ginevra hadi mita moja zile tabaka laini zinakuwa ukungu. Na usikubali ikatwe ili iingie fremu ya 50 kwa 70, maana uwiano si uleule, Mona Lisa nzima ukiilazimisha humo unapoteza karibu sentimita 3 za urefu wake. Acha ukingo mweupe wa karatasi, au tafuta fremu inayolingana.

Na kabla hujalipia printi nzima omba kipande cha majaribio, uso tu, kwa ukubwa kamili. Kiangalie mchana karibu na dirisha, halafu usiku chini ya taa ya chumba kitakapokaa. Ngozi ikienda kijani chini ya taa, kirudishe tubadilishe karatasi.