Je, wajua kwanini kima wenye pua ndefu hulala kando ya mto?

Ukienda Sukau, kijiji cha jimbo la Sabah upande wa Malaysia wa kisiwa cha Borneo, wenye boti watakwambia njoo saa kumi na mbili asubuhi au saa kumi jioni, mchana usijisumbue. Mto wenyewe ni Kinabatangan, kama kilomita 560 hivi, ila boti nyingi zinaingia kwenye kijito cha Menanggul maana ni chembamba na unaona kingo zote mbili. Jua likianza kushuka matawi yanatikisika, mara kima hao wanatokeza, dume moja na majike yake na watoto, dume lina pua imening'inia mpaka mdomoni na kitambi cha maana. Hawapatikani porini popote pengine duniani, ni Borneo tu.

Sasa msitu wote ule, kwanini waje kulala juu ya maji?

Kisa ni chui. Kuna chui wa kule mwenye madoa makubwa kama mawingu, na huyo mti anaupanda bila shida. Kima akilala kwenye mti wa ukingoni upande mmoja analindwa na mto, adui itabidi aje kwa upande wa nchi kavu tu. Akibanwa anajirusha, tumbo mbele, pwaa! anaanza kuogelea, na miguuni ana ngozi kidogo katikati ya vidole. Lakini si mtoni nako kuna mamba? Ndo maana watafiti wamekuta wanapenda kulala pale mto ulipobana, matawi ya ng'ambo na ng'ambo yanakaribiana, wanavuka kwa kuruka au wanakaa majini kidogo tu. Mi hapo nawapa heko.

Kukicha wanarudi ndani kutafuta majani na matunda mabichi. Yaliyoiva yenye sukari wanayakwepa, tumbo lao lina vyumba vyumba na bakteria wa kuchachusha majani, sukari ikizidi inachacha haraka na gesi inawajaa, yaani ndizi mbivu inaweza kumletea matatizo kima, nani angedhani. Kile kitambi ndo kiwanda chenyewe. Mwaka 2011 iliripotiwa kwamba wanacheua pia, wanarudisha chakula mdomoni wanatafuna upya. Kima punju wetu wa Jozani, Zanzibar, ni ndugu zao wa mbali na tumbo ni la aina hiyohiyo, ila wao wamejifunza kula mkaa kupunguza sumu ya majani.

Kwenye boti hiyohiyo utaona hondohondo, mamba, ukibahatika orangutani na tembo wadogo wa Borneo, na watu wanafurahi kwamba wanyama ni wengi mno. Ni kweli wengi, ila sehemu ya wingi huo ni kubanwa. Hifadhi iliyotangazwa 2005 ina kama hekta 26,000 na ni vipande vipande kando ya mto, nyuma yake ni michikichi tu ya mafuta ya mawese, kwa hiyo wanyama waende wapi? Kima angalau anaogelea. Orangutani kuogelea hawezi, na miti mikubwa aliyokuwa anavukia vijito ilishakatwa, ndo watu wa kule wakamfungia madaraja ya kamba juu ya vijito, na ameshapigwa picha akiyatumia.