Gari la Rally Likikwama, Usilisukume Kabla ya Kuruhusiwa: Maelezo kuhusu Haibridi na Magari ya Umeme

Kila mara Safari Rally inapokaribia Naivasha, sisi tunaoshughulikia usalama wa watazamaji hupokea maswali na malalamiko yanayofanana. Wapo wanaolalamika kwamba marshali, yaani wasimamizi wa usalama njiani, waliwazuia walipokimbilia kusaidia gari lililonasa kwenye vumbi, wapo wanaoamini kwamba magari yote ya mashindano ya dunia siku hizi yanaendeshwa kwa umeme, na wapo wanaosema kwamba kwa kuwa mfumo wa haibridi, yaani injini ya petroli ikisaidiwa na mota ya umeme, uliondolewa mwaka 2025, masharti yaliyokuja nao pia yamekwisha. Maelezo haya yanajibu hoja hizo. Hayachukui nafasi ya kanuni za Shirikisho la Kimataifa la Magari, FIA, wala ya maelekezo ya marshali aliye mbele yako siku ya mashindano.

Kuanzia 2022 hadi 2024, magari ya daraja la juu, yaani Rally1, yalibeba injini ya petroli ya lita 1.6 yenye turbo pamoja na mota ya umeme ya kilowati 100 na betri ya kilowati-saa 3.9. Mota na betri vilikaa ndani ya boksi lililofungwa kwa lakiri, ambalo timu hazikuruhusiwa kulifungua. Dereva alipokanyaga breki, mota iligeuka kuwa jenereta na kurudisha umeme kwenye betri. Alipokanyaga mafuta akitoka kwenye kona, umeme huo ulimwongezea msukumo kwa sekunde chache, na gari likawa na zaidi ya nguvu-farasi 500. Katika kituo cha huduma, timu zinakotengeneza magari, na sehemu maalumu za barabara ya kawaida, gari lilitakiwa kwenda kwa umeme pekee. Hapo ndipo watu wengi waliposhtuka kuona gari la rally likiwapita karibu bila mlio wowote, na mazoea ya kuruka pembeni ukisikia injini yakawa hayana msaada.

Mfumo huo ulifika volti 750. Umeme wa majumbani mwetu ni volti 240, na hakuna anayehitaji kuelezwa unavyoweza kumfanya mtu. Hata hivyo, si kweli kwamba gari la haibridi likivuka maji humpiga shoti kila aliye karibu, na tumelijibu jambo hili mara nyingi kuliko inavyostahili. Nyaya za umeme mkubwa hutengwa kabisa na bodi ya gari, na mfumo hujikagua wenyewe wakati wote. Ukibaini kwamba utengano huo una hitilafu, hutoa onyo. Hatari huja pale gari linapopata mshtuko mkubwa, linapobiringika au linapogonga jiwe kwa tumbo, kwa sababu hapo hakuna mtu wa nje anayeweza kujua kwa macho kama utengano huo ungalipo.

Ndiyo maana ziliwekwa taa. Taa ya kijani ilimaanisha kwamba gari ni salama kuguswa. Taa nyekundu ilimaanisha hatari. Taa isiyowaka kabisa ilihesabiwa kuwa sawa na nyekundu, na hili ndilo watazamaji wengi walilolikosea, wakidhani kwamba gari lililozima kila kitu limekufa na halina umeme tena. Betri haifi kwa sababu taa imezima. Masharti hayo yaliwabana hata madereva: katika Rally ya Sweden ya Februari 2022, bingwa wa dunia wa 2019, Ott Tänak, alilazimika kuacha kuendelea kwa sababu mfumo wa haibridi wa gari lake ulitoa ishara ya hatari, ingawa magurudumu yake yote yalikuwa yanazunguka vizuri. Dereva na mwelekezi wake, anayeketi pembeni akimsomea njia, hufundishwa kwamba wakilazimika kutoka kwenye gari la aina hiyo likiwa katika hali ya hatari, waruke kwa miguu yote miwili pamoja, bila kushika bodi huku mguu mmoja umekanyaga ardhi. Ikiwa aliye ndani anaruka hivyo, mtazamaji anayekuja mbio kuweka viganja viwili kwenye buti anajiingiza mahali ambapo mwenye gari mwenyewe anakimbia.

Tunajua desturi hii inatoka wapi na hatuidharau. Tangu mashindano haya yaanze mwaka 1953, kusukuma gari lililokwama kwenye matope au kulivusha mtoni kumekuwa sehemu ya Safari, na madereva wengi walifika mwisho wa mkondo, yaani kipande cha barabara kilichofungwa kwa ajili ya ushindani, kwa nguvu za wanakijiji. Vumbi la Kedong, karibu na Naivasha, laini kama unga wa ngano, bado hulimeza gari hadi kwenye ekseli, na moyo wa kusaidia ni mwema. Tunachoomba ni utaratibu. Subiri dereva au mwelekezi atoke na akuite kwa mkono. Ukiitwa, sukuma mahali atakapokuonyesha, usiingize mkono chini ya gari wala kwenye dirisha lililovunjika, na usiguse waya wowote wa rangi ya machungwa, kwa sababu hiyo ndiyo rangi ya nyaya za umeme mkubwa kwenye magari ya haibridi na ya umeme, yakiwemo yale ya mitumba mnayoyaendesha kila siku mjini.

Sasa kuhusu kuondolewa kwa haibridi. Mnamo Novemba 2024 FIA ilithibitisha kwamba Rally1 zitaendelea bila kifaa cha haibridi kuanzia 2025. Uzito wa chini wa gari ukashushwa kutoka kilo 1,260 hadi 1,180, na kipenyo cha kizuizi cha hewa inayoingia kwenye injini kikapunguzwa kutoka milimita 36 hadi 35. Mafuta yasiyotokana na visukuku, yaliyoanza kutumika mwaka 2022, yamebaki. Wanaosema kwamba umeme umeshindwa kwenye rally wanaharakisha mno. Gari lililoendeshwa na mota za umeme na kuchajiwa njiani na injini ya petroli, Audi RS Q e-tron, lilishinda mashindano ya jangwani ya Dakar mwaka 2024 mikononi mwa Carlos Sainz, na huko Ujerumani kombe la magari madogo ya Opel ya umeme lilianza mwaka 2021. Kinachozuia umeme mtupu kwenye Safari ni umbali: mikondo ya ushindani pekee huzidi kilomita 350, na kati yake kuna barabara ndefu za kuunganisha ambazo hazina mahali pa kuchaji.

Suala la moto linastahili uangalifu zaidi kuliko linavyopewa. Julai 2023, huko Lydden Hill nchini Uingereza, magari mawili ya umeme ya rallycross, yaani mbio za mzunguko mfupi wa lami na vumbi, yaliteketea yakiwa kwenye eneo la timu, na mbio za daraja hilo zikafutwa. Betri ya lithiamu inayowaka hutoa gesi zenye sumu, huhitaji maji mengi ili ipoe, na inaweza kuwaka upya saa nyingi baada ya moto kuonekana umezimika. Kizima moto kidogo cha gari la familia hakitoshi. Ukiona moshi kwenye gari lolote la mashindano, ondoka kuelekea upande upepo unakotoka na uache njia ya gari la zimamoto wazi.

Kuhusu adhabu, tunaulizwa kwa nini mtu mmoja aliyesimama vibaya husababisha mkondo mzima kusimamishwa. Kabla ya gari la kwanza la ushindani, hupita magari ya usalama, na waliomo huripoti kwa redio kwenye kituo cha uongozi kila mahali penye watu walio hatarini. Uongozi unaweza kuchelewesha mwanzo, na watu wasipoondoka, unaweza kufuta mkondo. Mkondo ukisimama katikati, dereva anayeonyeshwa bendera nyekundu lazima apunguze mwendo mara moja na abaki hivyo hadi mwisho, kisha wasimamizi humpa muda wa kukadiriwa. Wakati huohuo ratiba yake haisimami yenyewe: kwa kawaida, kila dakika ya kuchelewa kwenye kituo cha ukaguzi humgharimu sekunde 10, na kila dakika ya kuwahi humgharimu dakika nzima. Gari lililopata ajali huweka pembetatu nyekundu angalau mita 50 nyuma yake, na anayeing'oa ili apige nayo picha, jambo ambalo tumeliona, anaondoa onyo analolitegemea dereva anayefuata.

Magari yenye betri yakirudi kwenye mikondo yetu, alama na taa zake zitatangazwa kwa Kiswahili kabla ya mashindano na kubandikwa kwenye maeneo ya watazamaji. Hadi wakati huo, marshali wataendelea kumzuia kila anayekimbilia gari lililokwama kabla hajaitwa, liwe na betri au lisiwe nayo, kwa sababu kutoka kingo za barabara, katikati ya vumbi, huwezi kutofautisha gari moja na jingine.