Maji Ndiyo Yanayopanga Safari: Siku Moja kati ya Kaole, Mdomo wa Ruvu na Mji Mkongwe wa Bagamoyo

Kila anayenipigia simu kutoka Dar es Salaam kuulizia ziara ya siku moja hutaka kwanza kujua tutaondoka saa ngapi, nami humjibu kwa swali linalomshangaza kidogo: siku hiyo mwezi wa Kiislamu utakuwa tarehe ngapi? Sipigi ramli. Kwa miaka 14 nimekuwa nikiongoza wageni hapa Bagamoyo, na nimejifunza kwamba ratiba inayopangwa kwa kutazama saa peke yake huharibika kabla ya chakula cha mchana, kwa kuwa mambo matatu wanayoyafuata wageni wetu, yaani magofu, wanyama na pwani yenyewe, yote hutegemea maji kujaa na kupwa.

Hesabu yake si ngumu. Mwezi unapoandama, na tena unapokuwa mpevu, tunapata bamvua, ambapo tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa huzidi mita 3, na kwa pwani yetu maji hujaa karibu na saa kumi, alfajiri na jioni, kisha hupwa kabisa karibu na saa nne asubuhi. Kila siku inayofuata nyakati hizo hukawia kwa takriban dakika 50, hivyo baada ya wiki moja mambo yamepinduka: ni maji mafu, bahari inapanda na kushuka kama mita 1 hivi, na saa nne asubuhi, ambayo wiki iliyopita ilikuwa ya tope, sasa ndiyo saa ya kujaa. Mwenye kalenda ya Kiislamu ukutani anaweza kujipangia mwenyewe: tarehe za mwanzo wa mwezi na zile za katikati ni bamvua, na tarehe 8 na 22 ni maji mafu.

Siku ya bamvua huanzia Kaole, kilomita 5 hivi kusini mwa mji. Tukifika saa mbili asubuhi tunapata muda wa kuyatazama magofu bila jua kali: misikiti miwili, mmoja ukiwa na msingi unaohesabiwa kuwa wa karne ya 13, pamoja na makaburi ya mawe ya matumbawe yaliyounganishwa kwa chokaa, mengine yakiwa na nguzo ndefu. Huwaomba wageni wasogee karibu na nguzo, wapitishe macho juu polepole mpaka waone vishimo vya duara vilivyochongwa kwa uangalifu. Humo ndimo zilimopachikwa bakuli za kijani kutoka China, kama mtu wa leo anavyotundika saa ya ukutani pale ambapo kila anayeingia ataiona. Kwangu mimi vishimo hivyo vitupu vinaeleza zaidi kuliko bakuli lililowekwa kwenye kabati la kioo, maana kidole kikipita ukingoni mtu anaielewa kazi ya fundi. Kaburi la Sharifa bado linazuriwa na watu wanaokuja na ubani na dua zao, kwa hiyo tukiwakuta tunasubiri pembeni, na kamera hukaa mfukoni.

Saa nne maji yanapokuwa yamekwenda zake, tunateremka kwenye mikoko, na hapo ndipo Kaole inapoeleweka. Hii ilikuwa bandari. Leo mgeni anasimama mahali ambapo majahazi yalitia nanga na haoni bahari, anaona mchu umesimamisha mizizi yake ya kupumulia kama penseli zilizochomekwa kwenye tope, na mkandaa nyuma yake, na kaa wadogo wenye gando moja kubwa wakilipunga kana kwamba wanaita abiria. Mchanga na tope vilijaa, mikoko ikafuata, na kufikia karne ya 18 biashara ilikuwa imehamia Bagamoyo. Ukija wakati maji yamejaa utayaona maji chini ya miti na utadhani bandari ingali hai; ndiyo maana siipendi Kaole ya maji kujaa.

Mchana ni wa mji, ambao hautegemei maji ila unategemea kivuli. Tunaanzia Misheni ya Roho Mtakatifu, iliyoanzishwa mwaka 1868, ambako kuna miembe mikubwa, jumba la makumbusho na mnara uliopewa jina la David Livingstone, mmisionari na mpelelezi kutoka Uskoti. Mwili wake ulifikishwa hapa Februari 1874 na wenzake wa safari, Chuma na Susi wakiwa mbele, baada ya kuubeba kwa miezi mingi kutoka nchi ambayo leo ni Zambia, na kutoka Bagamoyo ukavushwa kwenda Unguja. Kisha tunakwenda Ngome Kongwe ya mwaka 1860 na boma la Wajerumani la mwaka 1897. Pale ngomeni mgeni atasikia habari za njia ya chini ya ardhi iliyokuwa ikipitisha watumwa mpaka ufukweni. Mimi siisimulii kama historia, kwa sababu sijawahi kuonyeshwa ushahidi wake, na habari za utumwa wa pwani hii ni nzito vya kutosha bila kuongezewa chumvi.

Nikiwa ufukweni, mbele ya soko la samaki, hueleza jambo moja ambalo maji yanalithibitisha machoni. Bahari ya Bagamoyo ni ya kina kifupi. Majahazi yaliachwa yakae juu ya mchanga maji yakipwa, na wapagazi wakashusha na kupakia mizigo kwa miguu yao, pembe za ndovu zilizotoka njia ya Tabora na Ujiji zikiwemo. Kwa jahazi hilo halikuwa tatizo, ila kwa meli kubwa lilikuwa kero, kwani ilibidi itie nanga mbali. Wajerumani walipohamisha makao yao makuu kutoka hapa kwenda Dar es Salaam mwaka 1891, bandari ya kina kirefu ya kule ilikuwa sababu mojawapo kubwa. Kwa maneno mengine, kilichoiua Kaole na kilichoipunguzia Bagamoyo hadhi ni ndugu wa tumbo moja.

Jioni ya bamvua ndiyo ya mto. Mdomo wa Ruvu, ambao wasafiri wa karne ya 19 waliuandika kwa jina la Kingani, uko kaskazini mwa mji, na una mafungu ya mchanga ambayo hayakai mahali pamoja mwaka mzima. Tunaondoka saa nane na nusu, maji yakiwa bado yanapanda, ili tukigusa fungu maji hayohayo yatunyanyue. Kanuni hii niliinunua kwa bei. Miaka ya mwanzo niliwachukua walimu saba kutoka Morogoro, siku mbili baada ya mwezi mpevu, nikaondoka nao asubuhi kwa sababu walitaka kuwahi kurudi. Nahodha, mtu mzima kuliko baba yangu, alichomeka pondo, ule mti mrefu wa kusukumia chombo, majini, akaitazama alama ya unyevu iliyofika chini ya kiwiko, akaniambia, "Mwanangu, maji haya yanakwenda, hayaji." Nikamsihi tujaribu. Saa tatu na nusu tulikuwa tumekaa juu ya fungu, na tulikaa hapo mpaka saa saba kasoro, tukigawana madafu, huku mwalimu mmoja akiniuliza, "Kaka, tulilipia viboko au tulilipia tope?"

Tukivuka salama, viboko huonekana kwenye mikondo ya mto, masikio kwanza, na nahodha hupunguza injini mapema na kuwaachia njia ya kwenda kwenye kina, kwa sababu kiboko aliyezibiwa njia ndiye wa kuogopwa. Mamba huota jua kingoni mwa mto, na juu ya mikoko kuna yangeyange, mdiria na furukombe. Katika majira ya kusi upepo wa alasiri huvimbisha mawimbi nje ya mdomo, nami huiahirisha sehemu hii hata kama maji yanafaa. Siku za maji mafu tunageuza kila kitu: mto saa moja na nusu asubuhi kwa boti ndogo, kwa kuwa kujaa kwenyewe si kwingi, kisha mji, na Kaole saa tisa alasiri maji yanapokuwa yameshuka.

Wengi huniomba niongeze Saadani siku hiyohiyo. Hukataa. Saadani, iliyopewa hadhi ya hifadhi ya taifa mwaka 2005, ina tembo na simba wanaoonekana alfajiri, na mtu anayetoka Bagamoyo asubuhi huwakuta wameshaingia kichakani. Anayetaka kuona mahali kasa wanapotagia pale Madete na alale hukohuko. Nitampangia, lakini kwa siku nyingine na kwa tarehe nyingine ya mwezi.