Je, wajua? Jiwe la angani halikumuua Mjusi wa Tendaguru

Mtoto wa Lindi akisikia kwamba dinosaria walimalizwa na jiwe kubwa lililotoka angani, swali lake la kwanza huwa hili: kwa hiyo ndilo lililomuua mjusi wetu wa Tendaguru?

Hapana. Mjusi yule, dinosaria aliyefukuliwa Tendaguru, mkoani Lindi, aliishi yapata miaka milioni 150 iliyopita. Mifupa yake ilichimbwa na Wajerumani kati ya 1909 na 1913, ikabebwa na wapagazi kwa miguu hadi bandari ya Lindi, na leo amesimamishwa Berlin akiwa na kimo cha zaidi ya mita 13. Jiwe lilianguka miaka milioni 66 iliyopita. Toa hesabu: katikati kuna miaka milioni 84. Yaani sisi tuko karibu zaidi na siku ya jiwe lile kuliko alivyokuwa mjusi wa Tendaguru. Hesabu hii hunishangaza kila nikiirudia.

Jiwe lenyewe lilikuwa asteroidi, mojawapo ya mabaki yaliyosalia sayari zilipokuwa zinaundwa. Lilikuwa na upana wa kilomita 10 hivi, likapiga Chicxulub, Meksiko, na kuacha shimo la kilomita 180. Shimo hilo lingekuwa huku kwetu, ukingo mmoja ukiwa Mtwara mjini, wa pili ungeipita Masasi.

Hata hivyo, waliokufa wengi hawakuwa karibu na shimo. Vumbi, masizi na salfa vilipanda juu vikaziba jua. Mimea ikakosa mwanga, walao mimea wakakosa chakula, na walao nyama wakafuata. Takriban robo tatu ya aina zote za viumbe zilitoweka. Tumejuaje kwamba lilikuwa jiwe la angani? Mwaka 1980 mwanafizikia Luis Alvarez na mwanawe Walter, mwanajiolojia, walieleza kwamba katika tabaka jembamba la udongo la wakati dinosaria walipotoweka, huko Gubbio, Italia, kuna iridiamu nyingi kupita kiasi. Madini hayo ni adimu sana kwenye ganda la dunia, lakini asteroidi zinayo kwa wingi.

Ndiyo maana naona fedha za kuyafuata mawe haya hazipotei bure. Tarehe 26 Septemba 2022 chombo cha Marekani kiitwacho DART kiligongeshwa makusudi kwenye Dimorphos, jiwe dogo linaloizunguka asteroidi nyingine. Mzunguko wake uliokuwa wa saa 11 na dakika 55 ukapungua kwa zaidi ya nusu saa. Kwa mara ya kwanza binadamu alibadili njia ya jiwe la angani, na alifanya hivyo kwa kuligonga tu. Mwaka uliofuata, chombo OSIRIS-REx kilileta gramu 121 za mchanga na kokoto kutoka asteroidi Bennu, na ndani yake zimeonekana asidi za amino, vijenzi vya protini. Huenda basi mawe haya haya yalichangia kuleta duniani malighafi ya uhai.

Jingine linakuja: Apophis, lenye upana wa mita 340 hivi. Halitatugonga. Usiku wa kuamkia tarehe 14 Aprili 2029 litapita kilomita 32,000 tu kutoka usoni mwa dunia, chini ya baadhi ya satelaiti zetu, na Afrika ni miongoni mwa maeneo ambako linatarajiwa kuonekana kwa macho matupu kama nukta inayotembea. Aprili kusini huwa bado ni masika, kwa hiyo tuombe mawingu yatupishe usiku huo mmoja.