Kabla ya kubadilisha mfumo wa kompyuta yako ya nyumbani, soma tarehe zake

Tangu Oktoba 2025, swali tunaloulizwa zaidi kwenye dawati letu la TEHAMA huja pamoja na kompyuta yenyewe. Mtu anaitoa mkobani, mara nyingi HP EliteBook 840 G3 au ThinkPad T470 aliyoinunua Kariakoo ikiwa imeshatumika. Ni nzima, chaji inakaa. Anauliza: "Naambiwa Windows yangu imekufa. Ninunue nyingine?"

Haijafa. Windows 10, iliyotoka mwaka 2015, ilifikia mwisho wa huduma tarehe 14 Oktoba 2025. Kompyuta itaendelea kuwaka na barua zako zitafunguka kama jana. Kilichokoma ni viraka vya usalama, kwa hiyo tundu jipya likigunduliwa kwenye mfumo huo, linabaki wazi. Wanaojiandikisha kwa huduma ya nyongeza, kupitia ukurasa wa masasisho wa Windows, wanapata viraka hadi 13 Oktoba 2026.

Hatari hii tumeshaiona. Mei 2017, virusi vya WannaCry vilifunga mafaili kwenye kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi takriban 150, zikiwemo za hospitali za umma za Uingereza, na kudai pesa ili kuyafungua. Microsoft ilikuwa imetoa kiraka cha tundu lile miezi miwili kabla. Waliovamiwa walikuwa hawajakiweka, au walikuwa na matoleo ya zamani yaliyokwisha kuachwa.

Ndiyo maana, ninapomshauri mtu wa nyumbani kuhusu mifumo endeshi, yaani programu kuu zinazoendesha kompyuta kama Windows, naanza na swali hili: kompyuta hii, kwa mfumo huu, itapata masasisho mpaka lini? Urembo wa skrini tutauzungumza baadaye.

Windows 11, toleo lililofuata, inataka RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) ya GB 4, nafasi ya GB 64, chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0, na prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, ambayo kwa zile za kampuni ya Intel ni ya kizazi cha 8 kwenda juu. Kizazi unakisoma kwenye jina la prosesa. Ikiandikwa i5-6300U, tarakimu ya kwanza baada ya kistari ni 6, basi ni kizazi cha 6 na haikubaliki. Ikiandikwa i5-8250U, inakubalika. Majina kama i5-1135G7 yanasomwa kwa tarakimu mbili: hicho ni kizazi cha 11. Jifunze kusoma namba hii kabla hujaingia dukani, kwa sababu T470 na T480 zikiwekwa pamoja mezani ni kama pacha, ilhali T480, yenye prosesa ya kizazi cha 8, inapokea Windows 11 na mwenzake hapokei. Wapo mafundi wanaoilazimisha iingie kwenye kompyuta isiyokubalika. Inaingia, ila Microsoft haikuahidi kwamba kompyuta hiyo itaendelea kupata masasisho, na masasisho ndiyo tuliyoyafuata.

Kuna tabia mbili zinaniumiza. Ya kwanza ni kuzima masasisho kabisa ili kuokoa bando. Namwelewa anayefanya hivyo, maana sasisho moja kubwa linaweza kumaliza bando la wiki. Lakini Windows ina sehemu ya kuiambia kuwa intaneti unayotumia inapimwa (metered connection). Ukiiwasha kwa mtandao wa simu yako, kompyuta inapunguza upakuaji wa kimyakimya, nawe unapakua masasisho ukifika penye waifai. Ya pili ni Windows iliyovunjwa leseni. Programu za kuvunjia leseni hukutaka kwanza uzime kingavirusi. Fikiria hilo: unamfungulia mlango mgeni usiyemjua, tena baada ya kumfunga mbwa.

Kwa ile EliteBook ya kizazi cha 6, mimi nashauri Linux Mint, mfumo endeshi mwingine unaowekwa badala ya Windows. Ni ya bure, na toleo la 22 litapata masasisho hadi 2029. Inaridhika na RAM ya GB 4, na anayetoka Windows haoni ugeni mkubwa, kwani kitufe cha menyu kipo pale pale chini kushoto. Imejengwa juu ya Ubuntu, mfumo ulioanzishwa mwaka 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, na jina hilo ni ndugu wa neno letu "utu". Kwa kuandika barua, kuangalia video, barua pepe na masomo ya mtandaoni, inatosha.

Haitoshi kwa kila mtu. Microsoft Office ya kusakinisha na Photoshop haziingii. LibreOffice, programu ya bure ya kazi za ofisi, inafungua mafaili ya Word na Excel, lakini jedwali lenye makro ngumu (amri zinazojiendesha ndani ya faili) linaweza kugoma. Mhasibu anayefanya kazi za ofisi nyumbani abaki Windows.

macOS, mfumo wa kompyuta za Apple, ni tulivu na betri za MacBook zenye chipu za M1 kuendelea, zilizoanza kutoka mwishoni mwa 2020, zinadumu sana. Tatizo letu ni za mtumba. MacBook Air za 2015 na 2017 zinaishia toleo la Monterey, lililoacha kupata masasisho mwaka 2024, na Tahoe ya 2025 ndiyo ya mwisho kwa Mac zenye prosesa za Intel. Pia usilipe kabla muuzaji hajaifuta na kuiwasha upya mbele yako mpaka mwisho. Ikidai akaunti ya mmiliki wa zamani, hiyo si mali utakayoweza kuitumia.

Chromebook, kompyuta inayotumia mfumo wa Google, inamfaa mwanafunzi mwenye intaneti ya uhakika. Nayo ina tarehe ya mwisho ya masasisho, iliyoandikwa kwenye mipangilio yake. Isome kabla ya kutoa hela.

Ukitaka kuijaribu Mint, huhitaji kufuta chochote. Faili lake lina karibu GB 3. Liweke kwenye flashi ya GB 8 kwa programu kama Rufus, kisha uwashe kompyuta kupitia flashi hiyo. Jaribu spika, waifai, kamera na printa yako. Itakuwa nzito kidogo kwa kuwa inatokea kwenye flashi. Siku ukiamua kuisakinisha, nakili kwanza picha na mafaili yako kwenye diski ya nje, halafu ichomeke diski hiyo kwenye kompyuta nyingine na ufungue mafaili machache uone kama yanafunguka.