Kodi Atalipa Kesho: Hiyo Ni Kauli ya Nani?

Nimepokea tena muswada wenye maelezo yaleyale: "Mhariri, mazungumzo yakizidi, yageuze tu yawe kauli taarifa, maana haibadiliki." Inabadilika, ndugu zangu! Imani hii tumetoka nayo darasani. Tulipewa sentensi tuzigeuze: toa alama za mtajo, tia "kwamba", "kesho" iwe "siku iliyofuata", "nita-" iwe "ange-". Ukimaliza unapata vema. Kwa sarufi ni zoezi zuri. Kwa hadithi fupi limekuwa msiba, kwa sababu mhusika huumbwa na namna maneno yake yanavyotufikia.

Tumchukue mpangaji mmoja, tumwite Juma, anakutana na mwenye nyumba uani.

"Shikamoo mama. Mama, kodi nitalipa kesho, nivumilie."

Hapo Juma yupo. Shikamoo imetangulizwa kama ngao, "mama" imetajwa mara mbili. Sasa geuza kama shuleni: Juma alimsalimu, akamwambia kwamba angelipa kodi siku iliyofuata. Woga umekwenda wapi? Fupisha zaidi: Juma aliahidi kulipa. Hapo msimulizi ameshika neno na hukumu pia, maana Juma hakutamka kwamba anaahidi. Kitenzi hicho ni cha msimulizi. "Alidai", "alikiri", "alijitetea" navyo ni hivyohivyo: kila kimoja kinamhukumu mtu kabla msomaji hajamsikia. Sisemi msivitumie. Kama Juma ameshasema hayo kila mwezi, mstari mmoja unatosha, na ufupi wenyewe unatuonyesha uchovu wa mama.

Halafu kuna hii: Kodi eti atalipa kesho.

Hakuna alama za mtajo wala "kwamba", lakini wanasikika watu wawili: Juma aliyesema na mtu asiyemwamini. Kama hadithi imekuwa ikimfuata mwenye nyumba tangu mwanzo, tunajua ni yeye. Hajafungua kinywa na tumeshamfahamu. Hii ni hazina tuliyorithi barazani kwetu, na waandishi wanaikwepa wakidhani ni lugha ya umbea.

Kwenye mawazo ndiko ninakochoka kabisa. "Juma alijisemea moyoni: 'Ama kweli maisha ni magumu! Nitapata wapi fedha za kumlipa mama huyu?'" Nani huwaza hivyo, kwa sentensi kamili zenye viulizo? Geoffrey Leech na Mick Short, wataalamu wa mtindo katika fasihi, walilifafanua vizuri mwaka 1981: maneno ya mtu husikika, kwa hiyo kuyanukuu ni jambo la kawaida, mawazo hayasikiki na yeyote, kwa hiyo kuyanukuu neno kwa neno ndiyo njia iliyo mbali zaidi na ukawaida. Ukifanya hivyo kila ukurasa, mhusika wako anakuwa mhutubu. Jaribu hivi:

Juma alifunga mlango. Kesho si mbali. Kwani huyu mama yeye hajawahi kudaiwa? Angempa hela yake yote, na chumba chenyewe hiki kinachovuja angemwachia.

Hakuna "aliwaza". "Kwani", "huyu" na "hiki" ni vya Juma. Nafsi ya tatu ni ya msimulizi. Msomaji anakaa katikati yao, anamhurumia Juma na papo hapo anaona anavyojidanganya.

Njia hii ina hatari yake. Mwaka 1857 mwandishi Mfaransa Gustave Flaubert alishtakiwa Paris kwa ajili ya riwaya yake Madame Bovary. Mwendesha mashtaka, Ernest Pinard, alisoma mahakamani mistari inayoonyesha furaha ya Emma, mhusika mkuu aliyeolewa, baada ya kuzini, akasema huko ni kuutukuza uzinzi. Sehemu ya mistari hiyo ni fikra za Emma zilizoandikwa bila alama za mtajo. Flaubert aliachiwa huru, lakini swali la ni nani anayesema bado linawasumbua wasomaji wa kila lugha.

Na kwa Kiswahili nina shaka ambayo vitabu vya sarufi havinisaidii. "Angempa hela yake" inaweza kusomwa kama ahadi ya Juma, au kama jambo lenye sharti: angempa, kama angekuwa nazo. Nikiandika "Atampa hela yake", wapo watakaodhani msimulizi anatabiri. Waandishi wengine huchanganya -nge- na -ta- katika aya moja, na mara nyingine inakaa vizuri kuliko kanuni. Siku hizi naelekea kwenye -ta-, kwa sababu ndivyo watu wanavyosimulia: "Alisema atakuja." Lakini kwa aya hii ya Juma nimeacha -nge- makusudi. Ule utata wa sharti unamfaa, maana hela hana.